Ng'ombe Wanaokaukia Kivulini

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, Milembe wa Ngulyati aliwaacha majirani midomo wazi. Alihamisha ng'ombe wake wote akawapeleka kwa wifi yake Kwandu, akalifagia zizi, akalimwagia majivu, kisha akalifunga kwa kamba kama duka la mtu aliyesafiri. Mwanamke wa Kisukuma kuhamisha ng'ombe wake mwenyewe bila ugomvi wala msiba! Alipoulizwa, alijibu kwamba wajukuu wake wanakuja kutoka Dar es Salaam, na watoto wa Dar hawapendi inzi.

Nani alimwambia kuwa watoto wa Dar hawapendi inzi? Hakuna. Alijiambia mwenyewe, akajiamini, na Milembe akijiamini huwezi kumtoa hata kwa jembe la kukokotwa.

Lakini tusimcheke mapema. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Wajukuu hao, Bryson na mdogo wake Violeth, walikuwa wamewahi kuletwa mara moja tu, Violeth akiwa bado anabebwa mgongoni. Safari ile Bryson aliumwa na siafu, akagoma kuingia chooni, akalia mpaka sauti ikamkauka, na mama yao, Joyceline, akafunga mizigo kabla hata kuku wa wageni hajachinjwa. Hakusema neno baya. Joyceline ni mtu wa Moshi, muuguzi, mwenye adabu zake, akaaga vizuri na kushukuru. Lakini Milembe alimtazama mgongo wakati anapanda pikipiki, akaona mgongo wa mtu asiyerudi. Na kweli hawakurudi. Kila likizo ilipita, yeye akabaki na picha za simu.

Ndipo mwanawe Athanasi akapiga simu. Maisha ya Dar yamekuwa magumu, alisema. Mtoto akifunga shule, kila kitu ni kiingilio: kuogelea kiingilio, bembea kiingilio, hata kukaa kwenye nyasi kiingilio. Yeye na mkewe wanashinda kazini, binti aliyekuwa akiwaangalia watoto amerudi kwao, na likizo iliyopita watoto waliimaliza ndani, mlango umefungwa, macho kwenye televisheni. Sasa Joyceline ana semina ya wiki moja Mwanza. Atawapitisha watoto Ngulyati, kisha akimaliza atarudi kuwaona.

"Wakipapenda, mama, watabaki mpaka shule zifunguliwe," Athanasi alisema. "Wasipopapenda atawachukua. Na hapo sidhani kama nitaweza kumshawishi tena."

Maneno hayo yalimkaa Milembe kichwani. Watoto wake wengine wameolewa mbali, mumewe Yakobo amelala nyuma ya nyumba chini ya msalaba wa saruji, na yeye hakutaka kufa akiwa bibi wa kwenye simu. Basi akaamua kwamba safari hii watoto watakuta kila kitu walichokizoea. Akaazima televisheni na betri ya sola kwa Machibya, kijana anayechajisha simu za watu pale njia panda. Akanunua soda na biskuti. Akaweka miiba kwenye mlango wa ua wa minyaa ili watoto wa jirani wasiingie na makamasi yao. Halafu akajifunza kusema Kiswahili cha matangazo ya kanisani, maana alidhani Kisukuma kitawatisha.

Wifi yake Kwandu, dada wa marehemu Yakobo, alikuja, akaviangalia vyote hivyo, akaweka mikono kiunoni. Kwandu hana breki mdomoni.

"Wifi, unapokea wajukuu au unapokea msafara wa serikali?"

"Wewe niache. Hujui watoto wa mjini."

"Nawajua. Wana miguu miwili na tumbo moja."

Joyceline alifika mchana kwa bodaboda kutoka Bariadi mjini, mtoto mmoja mbele yake na mwingine kwenye pikipiki ya pili pamoja na mabegi. Alimwamkia mama mkwe, akaonyesha dawa, akaeleza habari ya maji ya kuchemsha na vyandarua. Alipoiona televisheni katikati ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, aliinua pembe moja ya kitambaa, akairudisha.

"Mama, umejisumbua sana," akasema.

"Sijasumbuka, mwanangu. Watajisikia kama wako kwao."

Joyceline akatabasamu tabasamu la kuchoka, akawabusu watoto, akaondoka kuwahi basi la Mwanza.

Na kweli watoto walijisikia kama wako kwao, yaani walijisikia vibaya. Walikaa kwenye mkeka mpya wakatazama katuni. Walikunywa soda, wakala biskuti, wakakataa ugali. Bryson alipotaka kutoka, bibi alimwambia kuna jua. Violeth alipotaka kushika kifaranga, bibi alimwambia kina uchafu. Watoto wa jirani walijipanga nje ya ua wakachungulia kati ya minyaa, na wa ndani wakawachungulia wao, mpaka bibi akaja na fimbo kuwafukuza. Kesho yake betri ya sola ikaisha. Televisheni ikazima katikati ya katuni, na nyumba ikawa kimya.

"Bibi," Bryson aliuliza, na hakuuliza kwa utovu wa adabu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "hapa huwa mnafanya nini?"

Milembe, ambaye tangu alfajiri hadi jioni hakai chini, ambaye ana pamba shambani inayosubiri mikono na viazi vinavyosubiri kisu, alimfungulia soda nyingine. Violeth ndiye aliyemmaliza. Alikuja na begi lake dogo la mgongoni, amelivaa tayari, akasimama mlangoni.

"Nataka kwenda kwa mama."

Iliuma. Tusizungushe maneno, ilimuuma Milembe kama kuchomwa na kaa la moto. Alimwambia mtoto asubiri kidogo, kisha akapita mlango wa nyuma ili machozi yake yasionekane.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ndoo ya udongo wa kichuguu aliokuwa ameulowanisha kabla ya ugeni, ili azibe nyufa za jiko la nje. Mtu akiwa na huzuni hutafuta kazi, basi akapiga magoti akaanza kuziba. Akaziba, akalainisha, akajifuta macho kwa kiwiko. Udongo ukabaki kiganjani. Mikono yake, bila kumwomba ruhusa, ikauviringisha, ikavuta miguu minne, ikabana shingo, ikainua nundu. Kabla hajajua anafanya nini, ng'ombe alikuwa amesimama juu ya jiko.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, hadi Migato, alikozaliwa. Kaka zake Milembe walichunga ng'ombe wa kweli, naye kwa kuwa ni msichana alibaki nyumbani na maji na kuni. Kwa hasira ya kubaki, akafinyanga wake. Watoto wote wa Kisukuma hufinyanga ng'ombe, si ajabu, lakini wa Milembe walikuwa na nyonga, walikuwa na ngozi iliyolegea shingoni, na ukiwatazama sana unaweza kuapa kwamba wanatafuna. Wavulana walikuja kutoka maboma ya mbali kuwabadilisha kwa matunda ya furu. Alikuwa na kundi kubwa kuliko la baba yake. Siku mahari yake ilipoletwa, ng'ombe wa kweli wakitimua vumbi barabarani, wazee wakiwahesabu kwa kelele na kubishana, alichungulia dirishani akasema moyoni kwamba wake wa udongo walikuwa wanono zaidi. Kisha akaolewa, akalima pamba, akazaa, akazika, na mikono ikasahau. Au yeye ndiye aliyedhani imesahau.

"Bibi, huyo ni nani?"

Violeth alikuwa nyuma yake, begi bado mgongoni.

"Huyu? Huyu ni ng'ombe, ng'wanone." Kisukuma cha 'mwanangu' kilimtoka chenyewe, hakikumwomba ruhusa nacho.

"Mbona hana pembe?"

"Anasubiri mtu wa kumpa."

Mtoto alimtazama bibi, akamtazama ng'ombe, akatazama gauni lake safi. Milembe naye akalitazama lile gauni, akakumbuka ahadi zote alizojiwekea. Kisha akamega udongo akampa.

Pembe za kwanza zilikuwa nene kama ndizi. Ng'ombe akaanguka kifudifudi. Violeth akacheka, na kile kicheko ndicho kilichomleta Bryson mbio. Bryson akafinyanga wake bila nundu, mrefu wa tumbo, mkia juu.

"Huyo mbwa," bibi akasema.

"Ni ng'ombe!"

"Basi amefuga mbwa tumboni."

Mtoto wa kiume akacheka mpaka akakaa chini. Kutoka kwenye ua zikasikika sauti nyingine zikicheka, maana wale wachunguliaji hawakuwa wameondoka. Milembe alisimama, mikono imejaa udongo, akaenda mlangoni akatupa miiba pembeni.

"Haya ingieni, mliokuwa mnakula kwa macho!"

Wakaingia kama kumbikumbi.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikuwa na kimya tena, na likizo ile haikumgharimu mtu hata senti. Televisheni ilirudishwa kwa Machibya, naye akaipokea akilalamika kwamba imejaa alama za vidole. Ng'ombe wa kweli wakarudi zizini, na Violeth akawatazama kwa makini sana, si kwa kuwaogopa, ila kujua nundu inakaa wapi. Asubuhi walikwenda na bibi shambani kuchuma pamba, kila mtoto na kimfuko chake, na Bryson akawa mkali kuliko karani wa ushirika: pamba yenye jani kavu hakuruhusu ichanganywe na safi. Mchana walimenya viazi, bibi akavikatakata, wao wakavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba viwe michembe, huku wakifukuza kuku na kula vipande vibichi kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Jioni waliteleza kwenye jiwe hilohilo kwa matako mpaka kaptula ya Bryson ikapasuka. Ugali uliokuwa ukikataliwa ukawa haubaki.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ya udongo. Chini ya kihenge cha mahindi, penye kivuli, lilisimama boma zima: nyumba, zizi, watu, na ng'ombe wasio na idadi. Ng'ombe wa mwanzo Violeth aliwaweka juani wakauke haraka, na jioni akawakuta wamepasuka migongo. Alilia kweli. Bibi akamfundisha kwamba ng'ombe wa udongo hukaukia kivulini, polepole, na ukimharakisha unampoteza. Mtoto akalishika somo hilo kama amri ya kanisani, akawa analinda kivuli kile na kumfokea kila anayesogeza ubao uliobeba ng'ombe wake.

Palipo na ng'ombe hapakosi arusi. Watoto wa jirani walijua mchezo tangu zamani: upande huu unaozesha, upande ule unalipa, na Kwandu aliitwa awe mzee wa kusema. Alikaa kwenye kigoda, akakataa ng'ombe wenye kilema, akadai dume la mjomba, akaondoka kwa hasira na kurudi, watoto wakicheka hadi kushika mbavu. Bibi arusi alikuwa mwanasesere wa gunzi. Alilipiwa ng'ombe wengi kuliko wasichana wote wa kata ile.

Katikati ya shangwe hizo Violeth akauliza, "Bibi, na mama yangu alilipiwa ng'ombe wangapi?"

Kwandu alikohoa. Milembe akaokota gunzi lililoanguka, akalifuta vumbi lisilokuwepo.

Ukweli ni kwamba Joyceline hakulipiwa hata ndama. Moshi ni mbali, ng'ombe hawasafirishwi hivihivi, basi wazee wa pande mbili walikubaliana kwa simu, zikatumwa fedha, mambo yakaisha vizuri na kisheria. Hakuna aliyekosea. Lakini hakuna vumbi lililotimka barabarani, hakuna aliyebishana juu ya pembe, na Milembe hajawahi kumwambia mtu kwamba tangu siku ile alihisi kama amempokea mkwe kwa kusainiwa, si kwa kuletwa. Hakuwahi kujiuliza kama Joyceline naye alihisi hivyo.

"Ng'ombe wa mama yako hawakufika," alisema mwishowe. "Njia ilikuwa ndefu."

Violeth alifikiri. "Basi tuwatengeneze."

Siku ya Joyceline kurudi, Milembe alikuwa na mpango. Atawaogesha watoto, awapake mafuta, awavalishe nguo za Dar, na mama yao awakute wamekaa mkekani kama picha. Alichemsha maji. Ila semina ilimalizika mapema, basi nalo likawahi, na pikipiki ikaingia uani wakati maji yakiwa bado hayajapata hata moto.

Joyceline aliteremka. Mbele yake alipita Bryson, kifua wazi, kaptula imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma yake kundi la watoto lisilojulikana. Violeth alikuwa amechuchumaa chini ya kihenge, na lile gauni safi sasa lilikuwa na rangi ya kichuguu kabisa, kana kwamba lilinunuliwa hivyo.

Milembe alitoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga, na maneno yakamtoka bila mpangilio.

"Mwanangu, nisamehe. Nilitaka kuwaogesha. Nilianza vizuri, hata televisheni ilikuwepo, mimi mwenyewe nikaharibu. Kama unataka kuwachukua sitasema kitu."

Joyceline alikuwa anamtazama mwanawe Bryson, ambaye likizo nzima iliyopita alikuwa akilala kwenye kochi mchana kweupe, na sasa alikuwa anamwamkia dereva wa bodaboda kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, "Mwadila!" Dereva akaitikia huku anacheka. Violeth akamwona mama yake, akapiga kelele, akaja mbio, kisha akasimama hatua moja kabla ya kumkumbatia.

"Mama, usinishike, nina udongo. Njoo uone! Ila usisukume ubao."

Akamwongoza chini ya kihenge. Juu ya ubao, kwenye kivuli, walikuwa wamepangwa ng'ombe kwa mstari, wakubwa kwa wadogo. Wengine walikuwa na nyonga nzuri na ngozi iliyolegea shingoni, hao ni wazi walikuwa wa bibi. Wengine walikuwa na pembe kama ndizi. Mmoja alifanana sana na mbwa.

"Wa nani hawa wote?" Joyceline aliuliza.

"Wako."

"Wangu mimi?"

"Wale wa kukuoa. Bibi amesema hawakufika, njia ilikuwa ndefu. Tumewatengeneza sisi na bibi. Na bibi Kwandu amewakagua, amesema wamekubalika, ila huyu wa Bryson akazwe miguu."

Joyceline akachuchumaa. Alikuwa na viatu vya safari na suruali ya kitambaa, na alichuchumaa hivyohivyo kwenye vumbi. Alitazama ng'ombe mmoja baada ya mwingine, hakugusa. Milembe, akiwa amesimama nyuma, hakujua aende au abaki, mpaka alipoona mabega ya mkwewe yanatikisika.

"Mama," Joyceline alisema bila kugeuka, "siku ile ya mahari mimi nilikuwa kazini. Zamu ya mchana. Baba alinipigia akasema tayari, imeshaingia kwenye simu. Nikarudi wodini nikaendelea kuwapa wagonjwa dawa." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nilidhani huku kwenu hamkujali."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye hukujali," Milembe akasema. Akapiga magoti kando yake, polepole kwa sababu ya goti bovu, na kwa mara ya kwanza wakakaa bega kwa bega bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni.

Kwandu alikuwa amefika na alikuwa akijaribu kunyamaza, jambo ambalo si kipaji chake.

"Sasa mtalia mpaka muwaloweshe ng'ombe?"

Wakacheka, wakafuta nyuso zao, na nyuso zote mbili zikabaki na michirizi ya udongo. Joyceline akanyoosha mkono achukue yule ng'ombe wa mbele, dume lenye nundu kubwa, na Violeth akampiga kofi dogo la mkono.

"Bado mbichi! Ukimbeba sasa hivi atapasuka. Hawa hawasafiri, mama. Wanakaukia kivulini, na lazima mtu abaki awalinde."

Joyceline alimtazama binti yake, akamtazama Bryson aliyesimama akisubiri hukumu, halafu akageuka kwa mama mkwe.

"Mama, ng'ombe hawa wanakauka baada ya muda gani?"

Milembe amefinyanga ng'ombe wa udongo tangu hajui kuhesabu. Anajua kwamba kwa upepo wa mwezi wa sita, Ngulyati, chini ya kihenge, ng'ombe wa ukubwa ule wangekuwa wakavu kama kuni kabla ya Jumapili.

"Hao?" alisema. "Hao hawawezi kukauka mpaka shule zikaribie kufunguliwa."

Joyceline ni muuguzi. Anajua kugusa kitu akatambua kama kina maji au hakina. Alimgusa yule dume mgongoni kwa ncha ya kidole, akamkuta tayari ni mgumu, akaurudisha mkono wake taratibu juu ya goti.

"Basi wabaki," akasema. "Siwezi kuvunja mahari yangu njiani."